Mwongozo wa Kukusanya Spana Kuukuu Ukiwa Mpangaji Kware

Kamusi itakwambia kware ni ndege wa vichakani, mnene, mwenye kupenda kukimbia kuliko kuruka. Nairobi itakwambia Kware ni mtaa wa Embakasi Kusini, jirani ya Pipeline na Mukuru kwa Njenga, na kwamba jina lake halina manyoya: ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililopita vinywani mwa vibarua likatoka limelainika hivyo. Maana hizi mbili zilikutana kati ya 2013 na 2014, Wakenya waliposhikwa na wazimu wa kufuga kware. Tuliambiwa mayai yake yanatibu kila kitu, kuanzia pumu hadi ndoa. Watu waliomba leseni kwa Shirika la Wanyamapori (KWS), maana ndege huyo kisheria ni wa porini, wakakopa kwenye chama, wakanunua vizimba. Kisha kila mtu akawa muuzaji na mnunuzi hayupo. Jirani yangu mmoja aliula mtaji wake wote kwa ugali.

Mimi sikufuga kware. Nilikuwa na akili zangu. Nilianza kukusanya spana kuukuu.

Nakuandikia ili nawe uingie, kwa sababu upweke wa kazi hii ni mkubwa. Spana haili, haiharishi, haiombi leseni ya KWS, na bei yake haiwezi kuanguka kwa kuwa haijawahi kupanda. Shida ni moja tu, nayo uielewe kabla hujatoa hata shilingi: Kware hakuna kitu kinachoitwa kifaa cha kale. Spana iliyotengenezwa 1950 inaitwa spana. Iliyonunuliwa jana kwenye hadwea ikapanuka mdomo leo inaitwa "ya China", hata kama ilitoka kwingine kabisa. Fundi wa gereji ya kando ya barabara hana habari na umri wa chuma. Anataka kujua kama kitashika. Kwa hiyo kazi yako wewe mkusanyaji ni kutafuta vitu ambavyo watu bado wanavifanyia kazi, uvitoe kazini, uvipake mafuta, uvitundike ukutani na kuvitazama. Usijaribu kumweleza mtu yeyote jambo hili. Nilijaribu kwa shemeji yangu, akaniuliza kama nimepoteza kazi.

Pa kuanzia ni kwenye mzani wa vyuma vikuukuu. Kila mtaa huku Eastlands una mmoja, ukining'inia kwenye boriti mbele ya kibanda cha mabati, na chini yake kuna kijana ambaye anaujua uzito wa kitu kwa kukitupia jicho tu. Fika asubuhi, kabla mzigo haujapakiwa kwenda Industrial Area kuyeyushwa. Ukiona kitu kizuri, usikiokote. Okota cha pembeni yake. Pinda mdomo, uliza kama hana pedali ya baiskeli, kisha chukua kile ulichokitaka kama mtu anayekiondoa njiani. Muuza vyuma akisifiwa, kilo hupanda. Siku moja nilisahau somo langu mwenyewe, nikainua spana yenye mkono mrefu nikaitazama kwa mapenzi.

"Hiyo unaitakia nini, buda?"

"Kuzuia mlango."

"Mlango gani huo wa kilo mbili?"

Niliinunua kwa bei ya mlango wa kilo mbili.

Ujue pia kwamba biashara hii ina sheria yake, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na kwamba mwenye mzani anatakiwa kuwa na leseni na kuandika anachonunua na alikokitoa. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za umeme mkubwa wa laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka hapo jirani Imara Daima, nchi ikaingia gizani, na serikali ikasema vyuma vya nguzo vilikuwa vimenyofolewa. Mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, mpaka Mei. Miezi mitatu na ushei ya ukame. Mizani ilifunikwa magunia, na mimi nikawa napita pale kama mlevi aliyefungiwa baa. Somo kwa mkusanyaji: ukiuziwa spana ndefu isiyo ya kawaida, yenye rangi ya zinki na bolti mbili zinazofanana na za mnara, rudisha. Ule si urithi, ni ushahidi.

Gikomba utapata vitu, lakini utavipata pamoja na msukumano, matope na mtu wa tatu anayedai alikishika kabla yako. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, ina maduka ya vipuri na ina wajuzi, na mjuzi ni adui wa mkusanyaji kwa sababu anajua alichonacho. Kariobangi Light Industries wana vifaa vizuri sana, ila vyote viko mikononi mwa watu wanaovitumia, na ukimtolea fundi macho kwenye spana yake atadhani unataka kuiiba. Hatakosea sana.

Ukishakuwa na spana mbili, anza kusoma maandishi. Hapa ndipo wengi huingizwa boksi. Neno la kwanza utakalokutana nalo kwenye chuma cha Kiingereza ni DROP FORGED. Nimeshuhudia mteja, kijana msomi mwenye tai, akimrudishia muuzaji spana safi kabisa kwa hasira: "Imeandikwa yenyewe kwamba ni feki!" Hapana ndugu yangu. Maana yake ni kwamba chuma kilitiwa moto mpaka kikawa chekundu, kikawekwa juu ya umbo, nyundo kubwa ikaangushwa juu yake. Ndiyo sababu ina nguvu kuliko ile iliyomiminwa kama chapati ya maji. Nami sikumwambia yule kijana. Nilisubiri aondoke.

CHROME VANADIUM ni jina la aina ya chuma cha pua, na zamani lilikuwa sifa. Siku hizi limekuwa kama neno "mpya" kwenye duka la mitumba: linaandikwa kwanza, ukweli unafuata baadaye au haufuati. Yapo majina ambayo ukiyaona unaweza kuruhusu moyo udunde. Gedore ni ndugu Dowidat wa Remscheid, Ujerumani, walioanza 1919 na kukunja jina lao na la mji likawa moja. Hazet ni wa mji huohuo, wakongwe zaidi, tangu 1868. Jina ni herufi H na Z za mwanzilishi, Hermann Zerver, zikitamkwa Kijerumani. King Dick ni wa Birmingham, na alama yao ni mbwa mnene wa Kiingereza mwenye sura ya kudai kodi. Jina lake linawachekesha sana vijana. Waache wacheke, wewe lipa uondoke nayo.

Sasa njoo kwenye uongo wa muuzaji, maana bila uongo huo mkusanyaji hawezi kuishi. Kila spana kuukuu jijini Nairobi imefanya moja ya mambo mawili: ama ilijenga reli, ama ilitengeneza gari la Safari Rally. Hakuna spana ya zamani iliyowahi kukaza nati za tangi la maji tu. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na Joginder Singh aliyashinda mara tatu, 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Nimeonyeshwa spana zaidi ya ishirini alizozitumia Joginder kwa mkono wake. Kama zote zilikuwa kwenye ile Volvo, nashangaa ilivyopanda mlima.

Uongo wa reli una dawa. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kijana akikupa spana akasema, "Hii ilijenga reli, mzee," igeuze uangalie muhuri. Ikiwa imepigwa EAR&H, basi ni mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 na kugawanywa 1969. Inawezekana ilifanya kazi kwenye karakana ya Nairobi, na hilo peke yake ni jambo la heshima; lakini haikumwona simba yeyote wa Tsavo. Ikiwa imeandikwa West Germany, ilitengenezwa baada ya 1949 na kabla ya 1990, maana nchi ya jina hilo haikuwepo kabla wala haipo sasa. Ukiona Czechoslovakia, haikuvuka 1992. Na ukiona alama ndogo ya mshale wenye ncha juu, kama unyayo wa kuku, ujue ni mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi ya jeshi. Hapo usiulize ilifikaje Kware. Wapo wazee ambao hawajawahi kuulizwa, na wanapenda iendelee hivyo.

Lakini yote hayo ni maneno. Mtihani wa kweli wa mkusanyaji ni spana ya Whitworth, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kwamba nyuzi zote za bolti ziwe na vipimo vinavyojulikana, badala ya kila kiwanda kukata zake. Wazo zuri. Ila Waingereza wakazoea kuipa spana namba ya unene wa bolti, si namba ya upana wa kichwa cha nati. Kwa hiyo spana iliyoandikwa 1/2 W haifungui nusu inchi. Inafungua nati ya bolti yenye unene wa nusu inchi, na nati hiyo ina upana wa karibu milimita 23.4. Wakati huohuo spana ya inchi ya aina nyingine, iliyoandikwa 1/2 vilevile lakini ikifuatwa na herufi AF, inafungua milimita 12.7. Ziweke pamoja mezani: zote zimeandikwa nusu, na moja karibu inaweza kummeza mwenzake. Fundi kijana aliyelelewa na Toyota akizikuta kwenye sanduku moja hudhani moja imevimba.

Ubaya wa Whitworth ni kwamba mara nyingi haikubaliani na milimita. Kwenye ile nati ya 23.4, spana ya 23 haiingii na ya 24 inacheza. Ukilazimisha ya 24, inakula pembe za nati, na nati iliyokwishaliwa pembe haisikii spana. Inabaki patasi na nyundo, na baada ya hapo inabaki maombi. Land Rover za kwanza, malori ya Bedford, pampu na mashine za kusaga za Lister zilizozagaa mashambani, zote zilikuja na matumbo ya inchi za namna moja au nyingine. Injini nyingi za aina hiyo zimekwisha. Spana zake zilibaki, na kwa kuwa hazifungui chochote kilichoko barabarani leo, ndizo zinazofika kwenye mzani kwanza. Kwa maneno mengine, mkusanyiko wako utajaa vitu ambavyo havina kazi. Jipongeze.

Ukibahatika kununua sanduku zima la fundi aliyestaafu, usikimbilie kuosha. Lisome kwanza, kama daktari anavyosoma ulimi. Bolti ileile ya milimita 8, Wazungu wa Ujerumani na Ufaransa huivalisha kichwa cha 13, na Wajapani huivalisha cha 12. Bolti ya milimita 10, kwa Wazungu zamani ilikuwa 17, kwa Wajapani ni 14. Basi tafuta ile iliyochakaa. Sanduku lenye spana namba 13 na 17 zilizoliwa hadi kung'aa, na namba 12 mpya kama siku ya sikukuu, ni la mtu aliyelelewa na Pijo, zile Peugeot 504 za kubeba abiria saba wa Nakuru na kuku wao. Sanduku lenye 12 na 14 zilizochoka ni la mtu wa Datsun na Toyota. Penye zote zimechoka sawa, huyo alikuwa na watoto wengi wa kusomesha. Na usiitafute namba 10. Bolti ndogo ya milimita 6 huvaa 10 kwa Mjerumani na kwa Mjapani pia, kwa hiyo spana hiyo hufanya kazi kila gari, kila siku, kila mtu huiazima, na hakuna sanduku hata moja Kware ambamo niliikuta.

Kuna spana moja ambayo lazima uwe nayo, nayo ni spana malaya. Wajukuu zako watakapouliza kwa nini inaitwa hivyo, wewe eleza tu kwamba mdomo wake hupanuka na kubana kwa kuzungusha gurudumu dogo, ikakubali nati yoyote inayokuja. Binti yangu aliniuliza wakati mchungaji alikuwa mezani. Ile ya maana ni Bahco ya Sweden. Fundi wao Johan Petter Johansson alipata hataza yake mwaka 1892, na umbo lile halijabadilika sana hadi leo. Mafundi wakali huidharau, wanasema ni ya mtu mvivu. Dharau hiyo huisha saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, namba 19 ikiwa haionekani. Wasichana wanaojifunza umakanika siku hizi wana maoni yao kuhusu jina hilo, na mimi naona wana haki. Ila bado hakuna aliyeleta jina jingine ambalo gereji nzima italigeukia ukiliita.

Jiliwa nitalitaja haraka tu. Ni neno zuri, liko kwenye kamusi, na ukilitamka gerejini watu watanyamaza kama umetukana. Sema vaisi. Bora ni Record ya Sheffield, ya rangi ya buluu. Usiinunue. Naishi ghorofa ya nne, na wale vijana wawili walioipandisha hawanisalimii hadi leo.

Masanduku, hapo ndipo Kenya inapomshinda Mjerumani. Sanduku la chuma la ng'ambo lenye trei zinazofunguka kama ngazi ni zuri, ila lako mkusanyaji mwenye macho liko Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaokunja bati tangu asubuhi mpaka jiji zima linaumwa masikio. Ni walewale wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Rais Moi aliwatembelea 1985, akawaahidi vivuli vya mabati, vikajengwa. Lakini jina la jua kali lilikuwa limeshawaganda, likaingia hadi kwenye hati za serikali. Sanduku lao la zamani lilikatwa kutoka kwenye pipa la mafuta. Ili kujua umri wake, usitazame nje, nje pamepakwa rangi mara sita. Fungua kifuniko, ukipanguse ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu. Langu lilinionyesha mguu kwanza. Kisha miguu mingine, mpaka ikafika sita, na moto mdomoni: yule mbwa wa Agip, kampuni ambayo vituo vyake havipo tena Kenya siku nyingi. Mshono wa pembeni ulikunjwa mara mbili ukagongwa ribiti, hakuna tone la welding. Komeo lilikuwa bawaba ya dirisha. Nililipenda kuliko spana zote zilizokuwa ndani, na mke wangu akauliza litakaa wapi.

Kusafisha kutu ni sayansi ya chumba kimoja. Usitumie grainda. Grainda hung'arisha spana kwa dakika mbili na kufuta historia yake yote, maana maandishi hukaa kwenye ngozi ya juu. Siki ni njia ya maskini: lowesha usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, kausha mara moja, paka mafuta ya injini. Ukisahau siku tatu, siki itakula kutu, kisha itakula maandishi, kisha itaanza spana. Njia ya kisomi inatumia magadi, haya haya ya kulainisha maharagwe, yanayochimbwa kibiashara kule Ziwa Magadi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Koroga vijiko vichache kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Chukua chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi ufunge kwenye spana, wa chanya kwenye kipande cha chuma ambacho hukipendi, na viwili hivyo visigusane. Kutu itaanza kuachia kwa mapovu. Mapovu hayo ni haidrojeni, na haidrojeni na jiko la gesi havijawahi kupatana, kwa hiyo fanya kazi hii kwenye roshani. Kile chuma cha chanya kisiwe cha stenlesi, maana kitakutengenezea sumu ndani ya ndoo. Sufuria mpya ya mke wako imeponea hapo.

Keateka wa ploti yetu alipanda kwa miguu ghorofa nne kuja kuuliza kwa nini tokeni za umeme zinakwisha.

"Baba Shiku, unachemsha nini kwa ndoo?"

"Spana."

Alitazama ndoo. Alinitazama mimi. Akashuka bila neno, na tangu siku hiyo hunisalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomsalimia mfiwa.

Lakini hakuona nilichokiona mimi saa mbili baadaye. Niliitoa ile spana ya kuzuia mlango, nikaipitisha mswaki wa zamani, na chini ya utando mweusi herufi zikaanza kujitokeza: kwanza sehemu ya D, kisha yule mbwa mnene, kisha 1/2 W. Nilidhani zimeisha. Nilipoigeuza upande wa mpini nikakuta alama nyingine ambazo hakuna kiwanda kilichozipiga. Mikato mitatu ya tupa, kando kwa kando, na mwishoni mkato mmoja wa kukingama. Hiyo ni saini ya fundi. Kwenye gereji ambamo watu kumi wanaazimana vifaa, huandiki jina. Unakata alama yako, kila mtu anaijua, na anayekana anakana mbele ya chuma. Vitabu vya wakusanyaji wa ng'ambo vitakwambia alama za namna hii hupunguza thamani. Vitupe vitabu hivyo.

Baada ya kusafisha, tundika. Mimi nilipiga misumari kumi na miwili kwenye ubao, nikapanga kwa ukubwa, ile ya Whitworth katikati. Wageni watauliza kama umefungua gereji. Sema ndiyo, ni rahisi zaidi. Mama Shiku alisema angalau picha ya harusi ilikuwa nyepesi.

Ubao ulikaa miezi saba. Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa bado inapanda, ghorofa ya tano, na siku ya kumwaga slabu miksa yao ya saruji ikagoma. Ilikuwa na injini ya Lister ya zamani, yenye sauti ya mzee anayekohoa kanisani. Vibarua walikaa juu ya magunia, kontrakta akawa anapiga simu huku na kule. Walimwita fundi mmoja wa hapa chini, mzee wa kofia ya manyoya ambaye hufanya kazi bila kuinua macho. Nilimtazama kutoka roshani akijaribu ya 23. Akaiweka chini. Akajaribu ya 24, akaisikia inavyocheza, akaitoa kabla haijala. Nilijua. Hakuna siku nyingine maishani mwangu nimejua kitu kabla ya fundi.

Nilishuka nayo. Nikamwamkia, nikampa bila maelezo. Aliitia kwenye nati, ikakaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Akavuta mara moja, nati ikalia, ikaachia. Ndipo akaugeuza mpini kuufuta saruji, akapitisha kidole gumba kwenye ile mikato mitatu, na ule wa nne.

"Hii uliipata wapi, kijana?"

"Kwa mzani, mzee. Kwa kilo."

"Hii ni ya mtu tuliyekuwa naye Grogan." Akafikiri kidogo. "Alikuwa hapendi kuazima."

Akaendelea na kazi. Saa kumi miksa ilikuwa inazunguka, na saa kumi na mbili slabu ikawa imemwagwa. Sikuomba spana yangu, kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake na alikuwa akinywa chai. Siku ya pili alikuwa ameitwa Donholm, ya tatu Tassia. Nimemwona nayo mara mbili tangu hapo. Ameiongezea mkato wa tano.

Basi msomaji, ikiwa unayo 1/2 W nyingine, hata bila mbwa, niko Kware, uliza yule wa spana, watakuonyesha. Nalipa kwa kilo. Na tafadhali usiniletee iliyojenga reli.